Sharti la Joelle

Joelle alibonyeza kitufe, turubai la kivuli likajikunjua ubavuni mwa gari-nyumba, kisha akaketi kuungoja upepo. Redio ilikuwa ikiutangaza tangu asubuhi, na upepo wa Kansas hauna masihara.

Ulifika saa tisa alasiri. Turubai lilichanika kutoka ncha hadi ncha, na mkono wake wa chuma ukapinda kama mguu wa panzi.

Ilikuwa wiki ya tatu ya majaribio. Baba yake, Dwight, ndiye aliyeyapanga, muda mfupi baada ya kiwanda kumpunguzia siku za kazi: mwezi mmoja kwenye kambi ya magari, watu wanne, bahasha sita za pesa mlangoni mwa friji. Wakiyaweza maisha hayo, wangehamia garini moja kwa moja. Wakizidisha bajeti hata kwa dola moja, wangerudi nyumbani. Sharti hilo la mwisho alilidai Joelle, tena kwa maandishi, na baba akatia sahihi bila kubisha. Katika miaka yake kumi na minne, Joelle hakuwahi kumshinda baba kirahisi hivyo.

Tangu hapo Joelle alikuwa na kazi moja: kuipasua bajeti. Umeme wa kambi ulilipiwa kwa mita, basi yeye akawasha kiyoyozi na kufungua madirisha yote. Alioga mpaka mtungi wa gesi ukaisha.

"Wewe ni samaki?" aliuliza Tucker, mdogo wake wa miaka sita.

Kila jioni alimchokoza baba. "Waziri wa Fedha, hazina inasemaje?"

Baba alihesabu, akarudia kuhesabu. "Tutafika tu, mwanangu." Siku hizo alikuwa hali chakula mpaka wote washibe, na mara nyingi alidai hana njaa.

Mama, Coralee, ndiye aliyekuwa hataniki kabisa. Joelle alipokuta makoti ya theluji chini ya kitanda, alicheka sana. "Mama, huu ni mwezi wa sita! Safari ya mwezi mmoja, umebeba mpaka albamu za harusi?"

Mama aligeukia sinki. "Futa vikombe, Joelle."

Sasa baba alikuwa amerudi kutoka kazini, amesimama mbele ya turubai lililochanika.

"Nani alilifungua?"

"Mimi. Nilisahau kulikunja."

"Fundi hatakubali chini ya mia tisa." Alimwaga bahasha zote mezani. Dola mia tatu na kumi na mbili. "Na kesho kambi wanataka zao."

"Basi tumezidisha!" Joelle aliruka juu. "Sahihi yako ninayo, mzee. Twende nyumbani!"

Baba alimtazama mama. Mama akatikisa kichwa kukubali, polepole.

Walilifunga turubai kwa kamba, wakaondoka. Saa nzima njiani Joelle aliimba. "Leo nalala miguu nimenyoosha! Tucker, ukigusa bafu kabla yangu, utanitambua!"

Gari lilisimama kando ya barabara, nje ya nyumba. Joelle alikuwa wa kwanza kuufikia mlango. Baba alimfuata, kofia mkononi, akanyoosha mkono juu ya bega lake na kubonyeza kengele.

Alifungua mwanamke ambaye Joelle hakumjua, mtoto kiunoni.

"Samahani, dada," alisema baba. "Ni mimi niliyewauzia nyumba, na pesa zote zikamezwa na deni la benki. Tunaomba kuegesha hapa uani kwenu, mpaka nipate mshahara."