Kibaba cha Mwalimu Kanga

Enzi wanyama walipokuwa na shule yao, Kanga alifundisha watoto wa msitu mzima kwa kibaba cha pumba kila mwezi. Nguchiro, mlinzi wa ghala la tajiri Tembo, alilipwa gunia la mahindi, na kila akipita darasani hakukosa la kusema.

"Mwalimu, kuimbisha a-e-i-o-u nayo ni kazi?"

"Basi kesho tubadilishane, ndugu yangu," Kanga akamjibu.

Asubuhi Kanga akakaa kivulini mbele ya ghala, Nguchiro akaingia darasani akitamba. Kabla jua halijawa kali, watoto wa nyani walikuwa juu ya paa, mtoto wa fisi ametafuna chaki, na mtoto wa kobe analia kwa kuwa hajamaliza kuandika jina lake.

Nguchiro akatoka mbio hadi ghalani, sauti imemkauka. "Rudi, mwalimu! Hata nilipwe ghala hili zima, mle siingii tena!"

Kanga akajikung'uta mbawa. "Ahsante. Miaka yote hakuna aliyewahi kunitajia bei ya kazi yangu."

Akarudi darasani. Nguchiro akasikia kelele zikitulia, kisha mtoto wa kobe akisoma jina lake, polepole, mpaka mwisho.