Fundo la Mama Victorine

Fundo lilifunguka tena. Djuma alisonya, akauzungusha upya uzi mwekundu kwenye sigara, na kabla hajaukaza, mlango wa duka ukagongwa. Akazisukuma sigara zote ishirini na nne nyuma ya gunia la chumvi, pamoja na majani ya tumbaku na kisu.

Alikuwa Franck, mnunuzi wa dhahabu kutoka mji wa Kama, mtu wa kelele na pete tatu.

"Papa Djuma, sigara za Mama Victorine zimefika?"

"Kesho, akivuka."

"Kila siku kesho! Unionyeshe kwake, nitaenda mimi mwenyewe. Feza niko nayo."

"Haiwezekani. Tulipatana na mama. Anauzisha kwangu tu, kwa muntu mwengine hapana."

Franck aliondoka akinung'unika. Angerudi, maana walirudi wote. Mji mzima wa Kindu ulijua kwamba sigara zile nene za jani tupu, zinazoviringwa kwa mkono ng'ambo ya mto, zinapatikana katika duka moja tu, ishirini na nne kwa mwezi. Uhaba wenyewe ndio uliowatia watu wazimu. Kama zingejaa sokoni, Franck angevuta kitu kingine na kujisifu vilevile.

Jambo ambalo mji haukulijua ni kwamba Mama Victorine hakuwa amevuka mto tangu wakati wa vita.

Siku zile treni haikufika na chumvi ililetwa kwa ndege. Lakini kila mwisho wa mwezi Mama Victorine alivuka kwa mtumbwi, sigara zake zikiwa ndani ya jani la mgomba. Mara nyingine alimalizia kazi palepale dukani. Aliinamisha kichwa upande wa kushoto, akauuma uzi, akauvuta kwa meno, na fundo lililobaki lilikuwa dogo, lisilolegea mpaka sigara iishe. Walipeana mikono juu ya mizani ya chumvi: Kindu nzima, Djuma peke yake.

Kisha kamanda mmoja akazionja. Akataka mia. Djuma alimwambia hakuna, kamanda akaweka bastola juu ya mizani. Hapo Djuma akasema neno ambalo hajapata kumwambia mtu, hata mkewe. Alisema mama anazo nyingi, anazificha, na nyumba yake ni ile ya karibu na kisima. Hakujua kama anazo nyingi. Alitaka tu bastola iondoke.

Alasiri ile ile moshi ulionekana ng'ambo. Mwisho wa mwezi ulifika, mtumbwi haukuja.

Wateja walipouliza, Djuma alishindwa kusema kwamba mama amekufa, kwa sababu wangeuliza amekufaje. Akanunua majani, akaviringa mwenyewe. Ilikuwa iwe mwezi mmoja tu. Sasa ilikuwa miaka ishirini na zaidi, na kila aliposema "akivuka" aliona haya mpaka masikio yakamwasha.

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Tangu treni zilipoanza kurudi, Célestin wa reli alinunua sigara moja kila safari, kwa ajili ya mtu wake wa Kibombo, na kila safari alirudi na lawama.

"Muntu wangu amesema hii majani ilikaukia ku jua. Inafaa kivuli."

Djuma aliyahamishia majani kivulini.

"Amesema imekazwa sana, moshi haipiti."

Djuma alilegeza mkono. Aliogopa, lakini alitii. Mtu anayejua kiasi hicho, alijiambia, iko siku atajua na mengine.

Safari ya mwisho Célestin alisimama mlangoni, akacheka kidogo. "Amesema sasa iko muzuri. Lakini fundo. Amesema hii fundo njo ya uongo."

Djuma aliketi juu ya gunia. "Muntu wako njo nani?"

"Atakuya mwenyewe, ku treni yenye inakuya. Utamuona."

Wiki tatu Djuma alisubiri. Alifikiria kufunga duka, akafikiria kukimbilia kwa binti yake huko Pangi. Mwishowe alijikuta amechoka tu, amechoka kumtembeza marehemu juu ya maji kila mwezi. Asubuhi treni ilipopiga honi, aliyatoa majani, kisu na uzi, akavipanga vyote juu ya meza pamoja na sigara ishirini na nne. Akangoja.

Célestin aliingia akimshika mkono bibi kizee aliyejitanda kitenge mpaka machoni, akamketisha, akatoka nje. Djuma hakuthubutu kumtazama usoni. Alizungumza na meza.

"Mama, nitakuambia ukweli. Hizi ninafanya mimi. Victorine alikufa wakati ya vita. Walimuchomea nyumba, na mimi njo niliwaonyesha njia. Nilikuwa na woga, mama. Nilimuuzisha yeye juu nipone mimi. Uambie Kindu yote. Mimi sitakataa."

Bibi alinyoosha mkono wenye makovu ya moto, akachukua sigara moja na kulifungua fundo. Akainamisha kichwa upande wa kushoto, akauuma uzi, akauvuta kwa meno.

Aliirudisha sigara mbele ya Djuma. Fundo lilikuwa dogo.

"Sikuuzisha kwa muntu mwengine, Djuma," alisema. "Miaka yote hii, hata moja. Tulipatana."