Ruhusa ya Siku Tatu

"Wino wa bluu!" Karani wa dirisha la kwanza aliisukuma fomu irudi ilikotoka, utadhani inanuka. "Jeshini tunaandika kwa wino mweusi."

Dereva wa lori la kambi akaandika upya kwa wino mweusi. Alichoomba kilikuwa kidogo tu: ruhusa ya siku tatu, akae na mkewe anapojifungua mtoto wao wa kwanza.

Dirisha la pili likataka barua ya mkunga. Akaileta. Likataka muhuri wa mkunga. Akaenda, akarudi, jasho limemchora ramani mgongoni. Kumbe karani aliyeitaka barua ameshahamishwa, na aliyerithi kiti haoni barua ina kazi gani. "Hapa tunataka sahihi ya mkuu wa kikosi, basi." Mkuu wa kikosi yuko masomoni. Aliporudi, akatia sahihi kwenye mstari usio wake.

"Hivi hawa wanadhani mimba ni lori, unaiegesha pembeni ukingoja vipuri?" dereva alifoka kwenye foleni.

Fundi cherehani wa kambi, aliyekuwa mbele yake, alicheka akashika mbavu. "Ndugu yangu, wewe na fomu hiyo mtazikwa kaburi moja."

"Siiachi. Ni haki yangu."

Haki yenyewe ilikuwa imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Akaibandika kwa gundi ya karatasi, akavaa miwani, akahakikisha jina lake bado linasomeka.

Simu ikatetemeka mfukoni. Mkewe.

"Umefika wapi?"

"Dirisha la tatu."

"Fanya hima, mume wangu. Mwanao hajatulia tangu alfajiri, hata usingizi sikupata."

"Tulia, mama. Leo ndiyo leo."

Wino mweusi, barua, muhuri, sahihi kwenye mstari wake: safari hii hawana cha kusingizia. Lakini na juzi alisema hivyo hivyo. Fundi cherehani akahudumiwa, akaondoka zake akipiga mluzi.

Dirisha la tatu lilikuwa na karani mpya, kola yake bado ngumu kwa pasi. Hakusalimia. Aliisoma fomu neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, akafika chini, akarudi juu akaanza tena. Dereva akauma meno, akingoja kusikia kasoro iko wapi.

Muhuri ukatua mezani: pa!

"Imekubaliwa, afande. Siku tatu, ukawe na mkeo anapojifungua."

Kisha karani akaichungulia foleni, akashusha sauti.

"Natoka saa kumi, baba, twende wote. Mama kaweka mishumaa ishirini na mitatu kwenye keki yangu, na mwaka huu hataki kusikia eti uko foleni."