Saa Arobaini za Bibi Pyo

Bango lilitangulia. Hata kabla ya kuvua viatu mlangoni mwa kituo cha wazee, wanachama ishirini na saba wa Klabu ya Mikono ya Joto walilikunjua, wakajipanga nyuma yake, wakainua ngumi na kutabasamu mpaka mpiga picha akaridhika. Kisha ishirini na sita wakakumbuka kwamba wana masomo ya ziada ya hisabati, wakaondoka. Huruma yao ilikwisha kupigwa picha, ya kazi gani tena?

Aliyebaki ni Tak Hye-won, mwenyekiti wao. Naye hakubaki kwa kuwashinda wenzake wema. Kila kituo mjini Daegu kilitoa mshindi mmoja tu wa Tuzo ya Moyo wa Kujitolea, na Mwalimu Gil alikuwa amemwambia bila kupepesa macho: "Alama zako ni za kawaida, Hye-won. Wenye alama kama hizo wamejaa tele. Usipopata ile tuzo, chuo unachokitaka utakisoma kwenye ramani."

Bwana Eom, msimamizi wa kituo, alimwelekeza kwa Bibi Pyo Mal-sun.

"Saa nne hadi saa sita, kila Jumamosi," alisema. "Tafadhali usikose. Bibi Pyo anakutegemea sana."

Hye-won akatazama. Bibi alikuwa ameketi karibu na dirisha, amevaa kizibao cha kijani, bila shaka cha kuwafanya wazee wasipotee, na macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Masikini, Hye-won alijisemea. Mtu akifikia kuhesabu dakika, upweke umeshamwingia mifupani. Moyo wake ulijaa huruma, na pia mpango wa insha.

Jumamosi ya kwanza alianza kumsomea gazeti. Hakumaliza hata ukurasa mmoja.

"Umekula?" bibi alimkatiza.

"Nimekula, bibi."

"Nini?"

"Kahawa ya mkebe."

"Ala! Kahawa nayo imekuwa chakula? Shika hii."

Bibi alimenya peasi, akampa kipande baada ya kipande. Hye-won akala. Kukataa chakula cha mzee ni utovu wa adabu, na mtu aliyekuja kuhudumia hawezi kukosa adabu. Aliyala mapeasi mawili kwa moyo wa kujitolea.

"Shuleni, wakati wa chakula, unakaa na nani?"

"Mimi ni mwenyekiti, bibi. Nina wanachama ishirini na saba."

"Sijakuuliza wanachama."

Hye-won aliinua gazeti usoni. Baada ya muda akalishusha, akasema kwamba huwa anakula maktabani, peke yake, maana huko hakuna anayeuliza. Hakujua kwa nini amesema. Tangu siku hiyo gazeti lilikuwa la kushikwa tu. Alimsimulia bibi jinsi mama yake anavyorudi kazini yeye ameshalala, na kuondoka yeye hajaamka, na kwamba mazungumzo yao yamebandikwa kwenye mlango wa friji. Jumamosi ya kumi na tatu alilia mpaka kamasi zikamtoka. Bibi Pyo alimpangusa kwa leso yake.

Usiku huo Hye-won aliandika katika ripoti yake: "Bibi alilia, nami nikampangusa machozi." Machozi yalikuwa ya kweli. Alichobadilisha ni uso tu.

Kila ilipofika saa sita kamili, bibi alitoa kijitabu kidogo na kuandika kitu, pengine jina lake, asilisahau. Halafu alibaki nyuma na Bwana Eom, pengine kupewa dawa. Hye-won aligongewa mhuri kwenye fomu yake ya saa na kukimbilia basi. Jumamosi ishirini, saa mbili kila moja, hakukosa hata mara moja. Wiki mbili za mwisho alisahau kupeleka fomu igongwe mhuri mpaka Bwana Eom akamwita, na jambo hilo lilimtia wasiwasi kidogo.

Siku ya tuzo, ukumbi wa jiji ulijaa maua na walimu wakuu. Mama yake aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Mwalimu Gil aliketi safu ya mbele, tayari kujipongeza.

Mtangazaji akakitaja kituo chao. Hye-won akafunga kifungo cha koti la shule.

"Mshindi huyu amejitolea saa arobaini," mtangazaji alisoma. "Anaandika hivi: 'Kila Jumamosi niliketi na mtu mpweke, asiye na wa kumsikiliza.'"

"Ndiwe huyo!" mama alinong'ona, akimsukuma kwa kiwiko. Hye-won akasimama nusu, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi mbele ya kioo.

"'Nilimlisha. Alipolia, nilimpangusa machozi.'"

Akasimama wima.

"'Mwanzoni alijificha nyuma ya gazeti, akijifanya ananisomea. Ana miaka kumi na saba tu, na tayari ni mwenyekiti wa klabu.'"

Jukwaani, kati ya wajitoleaji wengine wenye vizibao vya kijani, Bibi Pyo, chake kimepigwa pasi, alimwona amesimama katikati ya watu, akampungia kwa mikono yote miwili.

"Mjukuu wangu! Njoo kwenye picha, wanakusubiri! Halafu, umekula?"