Kitambaa cha Mzee Sarun

Mzee Sarun hakuwa na mtoto. Hakuwa na rafiki wa kunong'onezana naye, wala picha hata moja iliyoonyesha kinywa chake. Hakuwa na mtu wa kumnusa shavu, busu la kijijini kwao, ambalo hata fukara asiye na kuku hulipata kwa mkewe kila jioni. Alichokuwa nacho ni meno, yote, meupe kama mchele mpya. Na mbele ya meno hayo kitambaa cha miraba alichojifunga tangu ujanani, ili watu wasipate karaha ya pumzi yake.

Kwa hiyo jirani yake, Thol, alishangaa asubuhi ile madaktari wa meno walipofika pagoda, hekalu la kijiji, kutoka mjini. Alimwona Sarun nyuma ya nyumba akitafuna vitunguu saumu vibichi pamoja na prahoki, samaki wale wa mtungini waliochacha kwa chumvi.

"Mzee, unakwenda kupimwa harufu au unakwenda kuua mtu?"

"Ni dawa," Sarun alijibu.

"Dawa gani hiyo? Wewe ukipiga miayo tu, bata wangu wanaacha kutaga!"

Kimleng, mkewe Sarun, hakucheka. Alikuwa ameketi mbele ya moto, macho yakiwa mbali.

"Wali unaungua, bibi," Sarun alimwambia kwa upole, kama alivyozoea kumwambia. Akauepua mwenyewe.

Kule pagoda, Daktari Rachana, binti aliyekuwa bado na uso wa kitoto, alikuwa akifanya utafiti juu ya usafi wa kinywa na mambo yanayoleta harufu mbaya. Alimuuliza kila mtu anapiga mswaki lini, kama anakwangua ulimi, kama anatafuna tambuu au kuvuta tumbaku. Kisha alimpulizisha kwenye mrija wa mashine, na mwisho akamnusa yeye mwenyewe. Kila mmoja alitakiwa aje na shahidi wa nyumbani kwake, maana nyani haoni kundule, na kinywa nacho hakijisikii.

Alipomsogelea Sarun, machozi yalimlengalenga.

"Babu, hii ni harufu ya ulichokula leo, haiwezi kunionyesha ugonjwa. Rudi kesho, ukiwa hujatia kitu mdomoni."

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Kesho haamki huyo, daktari," Thol alidakia, "akilala na pumzi yake mwenyewe!"

Kesho yake Sarun alirudi na njaa yake. Kimleng aliketi kando kama shahidi.

"Kinanuka tangu lini, bibi?" daktari aliuliza.

"Tangu usiku wa kwanza." Walikuwa wamefungishwa ndoa zamani, enzi za utawala wa kikatili wa wale wa nguo nyeusi, pamoja na wengine wengi, kwa kuitwa majina uwanjani, kila mmoja akimwona mwenzake kwa mara ya kwanza. "Nilimwambia usiku uleule, kinywa chako kinanuka, usinisogelee. Akageukia ukutani."

"Na leo?"

"Na leo."

Daktari akamfunga Kimleng macho, akamnusisha vichupa vitatu kama alivyomfanyia kila shahidi. Akamshukuru, akamruhusu atangulie nyumbani. Kisha akamvuta Sarun nyuma ya nguzo, akamnong'oneza.

"Babu, kinywa chako ni kisafi kuliko vyote nilivyopima hapa. Na mkeo…" Akatazama njia aliyoshika Kimleng. "Nilimnusisha jasmini, nikamnusisha prahoki, nikamnusisha mafuta ya taa. Vyote alisema ni jasmini. Yule mama hasikii harufu yoyote, na nadhani hajapata kuisikia. Amekudanganya maisha yako yote!"

Sarun alifungua kinywa. Akaitazama foleni, iliyokuwa hatua chache tu kutoka nguzoni, akakifunga.

"Majibu nitayatuma kwa barua," daktari alinong'ona kwa hasira. "Yatasomwa hapahapa, mbele ya watu wote. Waliokucheka wasikie. Na yeye asikie."

Mchana gari la madaktari likaondoka. Sarun alimkuta Kimleng amesimama juu ya ngazi ya nyumba, kama mtu anayengoja hukumu.

"Wamesemaje?"

"Bado."

Akaketi mbali naye, kama ilivyokuwa desturi yao, akachukua karatasi na kalamu.

"Daktari, mwanangu," aliandika. "Nakuomba uandike kwamba kinywa changu kinanuka, na kwamba hakina dawa. Habari ya pua yake usiitaje popote. Hilo ulilogundua leo mimi nimelijua tangu juma lile tulilofungishwa ndoa. Palikuwa na maiti nyuma ya kibanda chetu. Sote tulikuwa tumeziba pua. Yeye peke yake alikula uji wake ameielekea. Usiku wa kwanza, chini ya sakafu ya kibanda chetu cha nguzo, walikaa watu wa nguo nyeusi kusikiliza kama tumekubaliana. Mwanamke aliyesema hamtaki mume aliyepewa, asubuhi hakuonekana tena. Huyu alisema mumewe ananuka, wakamcheka tu, akasalimika. Mpaka leo hajapata neno jingine la kunikatalia. Usimnyang'anye hilo."

Akalamba gundi ya bahasha kwa ulimi wake safi, akaifunga, akampa mwenye pikipiki aliyekuwa akienda posta. Kisha, kabla ya kupanda ngazi kwenda kwa mkewe, akakivuta kitambaa mpaka puani.