Sauti ya Kwanza

Fundi Mbaruku alikuwa akifunga redio ya masafa marefu kwenye gari la zahanati. Gari la kwanza, lililoondoka bila redio, lilikuwa limepotea jangwani siku ya nne sasa. Ndani yake walikuwamo daktari, dereva na Siwema, muuguzi, binti yake Mbaruku.

"Mzee, twende tu," alisihi Kheri, dereva wa gari hili la pili. "Tutafuata alama za matairi."

"Sitaki gari jingine liende bubu," alijibu Mbaruku, akikaza antena kwenye bampa.

Alipounganisha waya wa mwisho kwenye betri, redio ilikoroma, kisha ikatoka sauti ya mtu wa kituo cha mbali.

"Wafugaji wameliona gari. Leteni sanda mbili."

Kheri alimtazama mzee. "Mmoja yu hai, mzee. Muulize ni nani."

Mbaruku alishika kipaza sauti, kidole kikiwa juu ya kitufe. Hakukibonyeza. Alikirudisha kipaza sauti mahali pake, akapanda, akafunga mlango.

"Washa gari."

Walitoka mjini, antena ikipinda kwa upepo, na ile sauti ikizidi kuwaita.