Simu ya Tovuti ya Tumbili

Tumbili alikuwa bingwa wa kuiga. Siku ya mashindano ya tovuti za shule, yake ilionyeshwa kwanza, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Kindi akashtuka: ile ilikuwa kazi yake, imebadilishwa jina na rangi tu.

"Mheshimiwa, hiyo ni yangu!"

"Una ushahidi?" akauliza jaji Kifaru.

"Ana wivu tu," Tumbili akadakia.

Kifaru, asiyeamini kitu bila kukijaribu, akapiga namba ya simu iliyoandikwa chini ya tovuti ya Tumbili.

Simu ikaita mkobani mwa Kindi.

"Pokea basi, Tumbili," akasema Kifaru. "Si wewe ninayekupigia?"